Maisha ya Matt Talbot, mfanyakazi wa Dublin

Watu wengi wakisikia habari za marafiki wa Mungu, mara huwaza juu ya mapadri, watawa, ama wafiadini waliomwaga damu yao kwa ajili ya imani. Matt Talbot hakuwa padri wala mtawa, wala hakuuawa na mtu. Alikuwa kibarua wa mjini, mtu wa kubeba matofali na mbao. Tena kwa muda wa miaka 16 alikuwa mlevi. Siku moja ya mwaka 1884 alipiga magoti mbele ya padri, akaahidi kuacha pombe kwa miezi mitatu tu. Hakuthubutu kuahidi zaidi, kwa sababu aliujua udhaifu wake. Habari za maisha yake zaonyesha jinsi Mungu alivyoipokea ahadi hiyo ndogo, na jinsi alivyoikuza.

1. Utoto wake

Upande wa magharibi wa bara la Ulaya kuna kisiwa kiitwacho Irlandi. Watu wake waliupokea Ukristu zamani sana, katika karne ya 5, kwa mahubiri ya Mtakatifu Patrisi. Mji wake mkubwa ni Dublin, ulio kando ya bahari, wenye bandari ya meli.

Katika mji huo Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856. Kabla ya kuzaliwa kwake, tangu mwaka 1845 hata 1849, Irlandi ilipatwa na njaa kuu. Viazi, vilivyokuwa chakula cha maskini, viliharibika mashambani kwa ugonjwa. Watu kama 1,000,000 walikufa, na wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani na nchi nyingine. Katika nchi iliyotoka katika taabu hiyo ndimo Matt alimokulia.

Baba yake aliitwa Charles, na mama yake Elizabeth. Mungu aliwajalia watoto 12, naye Matt alikuwa wa pili. Charles alifanya kazi bandarini, lakini watoto walikuwa wengi na mshahara ulikuwa mdogo. Mara kwa mara jamaa hiyo ilihama kutoka chumba hiki cha kupanga kwenda kingine. Matt alikaa shuleni muda mfupi tu. Alijifunza sala na katekisimu, akapokea Komunyo, lakini kusoma na kuandika kulimshinda karibu kabisa. Alipofika umri wa miaka 12 aliacha shule, akaenda kutafuta mshahara.

2. Jinsi pombe ilivyomshika

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa wafanyabiashara waliojaza pombe katika chupa. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Vijana wa kazi walizoea kunywa mabaki yaliyokuwa ndani ya chupa. Mtoto wa miaka 12 aliwatazama wenzake, akaonja, kesho yake akaonja tena. Haukupita mwaka, naye akaanza kurudi nyumbani amelewa.

Baba yake alimpiga, akamwondoa mahali pale, akampatia kazi bandarini ili awe karibu naye. Lakini huko bandarini kulikuwa na ghala za pombe kali kuliko ile ya kwanza. Mtoto alitolewa katika moshi akatiwa motoni. Baadaye aliacha kazi ya bandari, akawa kibarua wa waashi, akiwapandishia matofali na udongo kwa ngazi. Alikuwa mwenye nguvu na mwepesi wa kazi; wasimamizi hawakumlaumu. Lakini kazi ilipokwisha jioni, njia yake ilikuwa moja tu: nyumba ya pombe.

Wafanyakazi wa Dublin walikuwa na desturi ya kunyweshana. Mwenye fedha leo huwanywesha wenzake, kesho naye hunyweshwa. Desturi hiyo yaonekana kuwa ya urafiki na ukarimu, na Matt aliifuata kwa moyo wote. Siku ya mshahara hakuwanyima wenzake. Lakini mama yake, aliyekuwa na watoto wa kulisha, alipata kidogo sana au hakupata kitu. Ndugu zake nao karibu wote waliifuata njia hiyo hiyo.

Mshahara ulipokwisha, alichukua pombe kwa deni. Deni lilipozidi, aliviweka rehani viatu vyake na nguo zake. Tena alitenda jambo moja ambalo lilimchoma moyo hata mwisho wa maisha yake. Palikuwa na maskini mmoja aliyepata riziki yake kwa kupiga fidla barabarani; fidla ni zeze la Wazungu. Matt na wenzake walimwibia zeze lake, wakaliuza, wakanywa bei yake. Yule maskini akaondoka mikono mitupu, bila chombo chake cha kazi.

Wakati huo wote Matt hakuiacha kabisa Misa ya Dominika. Alikuja, akasimama kanisani pamoja na watu. Lakini Sakramenti ya Kitubio na Komunyo aliziacha kwa muda mrefu. Imani haikufa moyoni mwake, ila ilikuwa kama kaa la moto lililofunikwa na majivu.

3. Jumamosi ile

Mwaka 1884 Matt alikuwa na umri wa miaka 28. Juma moja lilipita bila yeye kufanya kazi wala kupata fedha. Ikafika Jumamosi, siku ya posho. Mchana wafanyakazi walipokea mshahara wao, na Matt pamoja na ndugu yake mdogo Philip walikwenda kusimama kwenye kona ya njia, karibu na nyumba ya pombe. Mfukoni hawakuwa na kitu. Matt hakuwa na wasiwasi. Mara nyingi aliwanywesha wenzake. Leo ilikuwa zamu yao kumkumbuka.

Wenzake wakaja, wawili wawili, watatu watatu. Walimwamkia, wakapita. Wengine walijifanya kama hawakumwona. Hakuna hata mmoja aliyemwalika aingie. Matt alisimama pale, akasikia sauti zao na vicheko vyao kutoka ndani. Hapo moyo wake ukafunguka, akaona wazi jambo ambalo hakuliona kwa miaka 16: urafiki ule ulikuwa wa pombe, wala haukuwa wake. Tena aliona kwamba alikuwa mtumwa, kwa kuwa alisimama njiani kama mwombaji kwa ajili ya kikombe kimoja.

Akageuka, akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa akitayarisha chakula. Alishangaa kumwona mwanawe amerudi mapema siku ya posho, tena bila kulewa. Baada ya kula Matt alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe.

Katika nchi ya Irlandi ahadi hiyo ilijulikana na watu wote. Mtu huenda mbele ya padri, akaahidi kwa Mungu kutokunywa pombe ya namna yoyote, ama kwa muda uliowekwa, ama kwa maisha yote. Mama Elizabeth hakupiga vigelegele, kwa maana aliona ahadi nyingi za walevi zikivunjika kabla ya jua kuchwa. Alimwambia mwanawe aende kwa jina la Mungu, lakini asiiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuishika. Matt alijibu kwamba ataiweka kwa jina la Mungu. Alipokuwa akitoka mlangoni, mama yake alimwombea Mungu ampe nguvu ya kuishika.

4. Ahadi ya miezi mitatu

Matt alikwenda mpaka seminari ya Msalaba Mtakatifu, mahali paitwapo Clonliffe, akamwomba padri amsikilize. Kwanza aliungama dhambi zake zote za miaka iliyopita. Kisha akaweka ahadi ya kutokunywa pombe kwa miezi mitatu. Kesho yake, siku ya Dominika, alikwenda Misa ya alfajiri katika kanisa la Mtakatifu Fransisko Saveri, akapokea Komunyo.

Yafaa kufahamu jambo hili vizuri. Ahadi yake ilikuwa fupi, lakini haikuwa ya mchezo. Aliiweka mbele ya Mungu, baada ya kuungama, na mara akaitia nguvu kwa mwili wa Bwana wetu Yezu Kristu. Hakuwaza mambo ya mwaka ujao. Inasimuliwa ya kwamba siku zile, vishawishi vilipomlemea, alimwambia mama yake kwamba miezi mitatu ikiisha atakunywa tena. Huo ndio unyonge aliokuwa nao. Hakuweza kuitazama njia yote mpaka mwisho wake. Aliweza kutazama siku ya leo tu, na leo aliishika ahadi.

5. Vita vya kila jioni

Miezi mitatu hiyo ilikuwa vita vikali. Mwili uliozoea pombe tangu utoto uliidai kama mwenye deni. Saa mbaya kuliko zote ilikuwa jioni, kazi inapokwisha, kwa kuwa miguu yake ilizoea njia ya nyumba ya pombe, na wenzake walikuwa huko. Matt alitambua kwamba akikaa bure ataanguka. Basi akaibadili njia yake. Alipotoka kazini alikwenda kutembea mbali, akiingia kanisa moja baada ya jingine, akipiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu mpaka saa ya kulala ifike. Maskini wa fedha alipata nyumba nyingine ya kukaa jioni, isiyodai malipo.

Jioni moja alikuwa na fedha mfukoni, akapita mbele ya nyumba ya pombe. Shetani akamvuta, akaingia. Mle ndani palikuwa na watu wengi, na mwenye kuuza alishughulika nao. Matt alisimama akingoja, lakini hakuna aliyemwuliza anataka nini. Mwisho alichukizwa, akatoka, akaenda moja kwa moja kanisani, akakaa humo mpaka milango ilipofungwa. Alitambua kwamba Mungu ndiye aliyemwokoa kwa njia ya mtu asiyemjali. Lakini hakutegemea kuokolewa hivyo kila siku. Tangu jioni hiyo aliazimia kutochukua fedha mfukoni anapotembea. Hakuitegemea nguvu yake. Aliufunga mlango ambao adui aliingilia.

Miezi mitatu ikaisha. Siku ile aliyoingoja ili anywe tena ilifika, naye hakwenda kunywa. Alikwenda kuweka ahadi mpya, ya miezi sita. Miezi sita hiyo nayo ikaisha. Ndipo alipoahidi kuacha pombe siku zote za maisha yake, na ahadi hiyo aliishika miaka 40, mpaka kufa kwake.

Pamoja na pombe aliacha mambo mengine. Alizoea kuapa na kutukana; basi alichoma pini mbili katika mkono wa koti lake kwa mfano wa msalaba, ili kila akiziona akumbuke kulinda ulimi. Tumbako nayo aliipenda mno. Siku moja mwenzake alimwomba tumbako kidogo. Matt akampa tumbako yote pamoja na kiko, wala hakuvuta tena.

6. Kulipa madeni

Mtu aweza kuacha pombe na bado asirudishe alichokichukua. Matt hakufanya hivyo. Alipopata mshahara alikwenda katika nyumba za pombe alizokuwa na deni ndani yake, akalipa deni kwa deni, wala hakukaa kunywa. Mama yake sasa alipewa fedha za nyumba.

Lakini deni moja lilikataa kulipika, nalo ni lile zeze. Matt alimtafuta yule maskini miaka mingi. Aliuliza huku na huko, akaingia katika nyumba za maskini wa mji, asimwone. Mwisho akafahamu kwamba hatamwona tena duniani. Basi bei ya zeze akaitoa ili Misa zisomwe kwa ajili ya roho yake. Ndivyo ilivyo dhambi. Padri aliiondoa katika saa moja ya kitubio kwa uwezo wa Kristu, lakini hasara aliyoipata jirani ilimfuata Matt miaka mingi. Naye hakuikimbia.

7. Maisha mapya

Baada ya kuongoka Matt aliishi miaka mingine 40 na zaidi, na nje hakubadilika sana. Aliendelea kuwa kibarua. Kila siku, kabla ya kazi, alisikiliza Misa ya saa kumi na moja alfajiri. Mwaka 1892 saa ya Misa ilisogezwa mbele, hata ikagongana na saa ya kuanza kazi ya waashi. Matt hakuiacha Misa, aliiacha kazi. Alipata nyingine kwa wafanyabiashara wa mbao karibu na bandari, ambako kazi ilianza saa mbili.

Yeye aliyetoka shuleni bila kujua kusoma vizuri, sasa alijifunza kusoma kwa sababu alitaka kumjua Mungu. Alisoma Biblia na maisha ya watakatifu polepole, neno kwa neno. Alipokuta jambo gumu aliliandika juu ya kipande cha karatasi, akampelekea padri amweleze. Alikipenda kitabu cha Mtakatifu Agustino cha Maungamo, kwa maana Agustino naye alipita njia ndefu ya dhambi kabla ya kubatizwa.

Aliingia katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ulio wa watu wanaoishi duniani na kufanya kazi zao. Alilala juu ya ubao, na kigogo kilikuwa mto wake. Usiku aliamka kusali. Alikula chakula kidogo sana. Kitubio kikali namna hiyo mtu asikiige bila shauri la padri anayemwongoza. Mungu humwita kila mtu kwa njia yake. Lakini upendo wake wote wapaswa kuuiga. Wenzake kazini hawakumwona kuwa mtu wa huzuni. Aliwasalimu kwa furaha, na mwenye shida alijua mahali pa kwenda. Alijiwekea kidogo sana katika mshahara wake, na kilichobaki kilikwenda kwa maskini, kwa jamaa zenye njaa, na kwa kazi ya kueneza dini.

Baba yake alifariki mwaka 1899. Matt alikaa na mama yake, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1915. Machozi aliyomliza kwa miaka 16 aliyapangusa kwa miaka 31.

Mwaka 1923 moyo wake uliugua, akalazwa hospitalini, akawa hawezi kazi kwa muda mrefu. Katika mwezi wa Desemba 1924 aliwatumia wamisionari waliohubiri katika nchi ya China zawadi ya mwisho: pauni moja yake mwenyewe, na shilingi 10 za dada yake. Aliwaandikia kwamba kwa miezi 18 hakufanya kazi yoyote kwa ugonjwa. Hivyo mtu aliyekunywa bei ya zeze la maskini alikuwa sasa maskini mgonjwa anayewapelekea wengine neno la Mungu.

8. Kufa kwake

Tarehe 7 Juni 1925 ilikuwa Dominika ya Utatu Mtakatifu. Matt alikuwa na umri wa miaka 69. Asubuhi alikuwa akienda Misa katika kanisa la Wadominiko. Katika kichochoro kiitwacho Granby Lane aliishiwa nguvu, akaanguka. Mwanamke mmoja alimletea maji, na padri aliitwa haraka. Matt alikata roho palepale njiani. Hakuna aliyemtambua; maiti yake ilipelekwa hospitalini kama ya mtu asiye na jina.

Walipomvua nguo waliona mwilini mwake minyororo na kamba, ambazo hata wafanyakazi wenzake hawakujua habari zake. Mnyororo ulikuwa alama ya kujitoa kwake kwa Bikira Maria, kama alivyofundisha Mtakatifu Ludoviko Maria wa Montfort. Zamani alikuwa mtumwa wa pombe. Kwa hiari yake alijifanya mtumwa wa Mama wa Mungu, na utumwa huo ndio uliomweka huru. Alizikwa tarehe 11 Juni, siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristu.

Watu walioandamana na jeneza hawakuwa wengi. Lakini mwaka uliofuata kitabu kidogo cha maisha yake kilitolewa, na habari zake zikaenea haraka, hasa kati ya wafanyakazi na kati ya wale wanaoteswa na pombe. Mwaka 1972 mifupa yake ilihamishwa katika kanisa la Bikira Maria wa Lurdi mjini Dublin. Tarehe 3 Oktoba 1975 Papa Paulo wa 6 alitangaza kwamba Matt Talbot alizishika fadhila za Kikristu kwa namna ya kishujaa, akampa jina la Mheshimiwa. Tangazo hilo ni hatua kabla ya kuitwa mwenye heri na mtakatifu.

Mji huo huo wa Dublin ndipo Legio ya Maria ilipoanzishwa mwaka 1921, wakati Matt angali hai. Legio hiyo ilifika hata Kongo, na wakristu wengi wanasali sala zake bila kujua kwamba ilizaliwa katika mji wa kibarua huyu.

9. Mafundisho kwa wakatekumeni

Kanisa halisemi kwamba kinywaji chenyewe ni kitu kibaya. Bwana Yezu aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana, na divai ndiyo aliyoichagua kwa Sadaka ya Misa. Dhambi ni ulevi, unaoua akili ambayo Mungu amempa mtu, unaowanyima watoto chakula, unaoleta mapigano na uzinzi. Tena aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe hawezi kusema kwamba atapunguza kidogo tu. Matt alifahamu kwamba kwake yeye kikombe cha kwanza ndicho kilichobeba vyote vinavyofuata.

Yupo mtu kijijini anayesema moyoni mwake: nitabatizwaje, nami siwezi kuacha lutuku? Anatazama maisha yote yaliyo mbele yake, anaogopa, anarudi nyuma. Mtu huyo amtazame Matt. Mlima haupandwi kwa hatua moja. Anayeshindwa kuahidi maisha yote aahidi siku 40 za Kwaresima. Anayeshindwa siku 40 aahidi juma moja, lakini aliahidi kweli, kwa jina la Mungu, mbele ya padri au katekista, wala asilivunje. Njia ya ukatekumeni nayo ina hatua zake. Mtu hapewi Ubatizo siku anayoingia darasani. Hujifunza kwanza kushika mambo madogo, ili aweze kushika ahadi kubwa ya Ubatizo, ambayo ni ya milele.

Lakini ahadi pekee haitoshi. Matt aliibadili njia yake ya jioni, akaacha kuchukua fedha, akakaa mbele ya Yezu katika Ekaristi. Mkatekumeni hajapata bado Sakramenti za Kitubio na Komunyo, lakini mlango wa kanisa haukufungwa kwake. Aingie humo saa ile wenzake wanapoanza kuzunguka mtungi. Asali, amwombe Bikira Maria. Mshahara ama bei ya mavuno aipeleke kwanza nyumbani, mkononi mwa mkewe, kabla ya kupita penye pombe. Akianguka asikate tamaa. Aanze tena siku ile ile.

Nao wanaokunywa kwa kiasi wasiwacheke waliokataa kikombe, wala wasiwalazimishe kwa maneno ya urafiki. Wale waliompita Matt pale kwenye kona hawakumtendea wema. Lakini kumlazimisha mtu aliyeweka ahadi ni kumtendea ubaya ulio mkubwa kuliko huo. Rafiki wa kweli huusaidia ushindi wa mwenzake.

Maswali

1. Matt Talbot alizaliwa wapi, tena mwaka gani?
2. Ni jambo gani lililomfungua macho Jumamosi ile ya mwaka 1884?
3. Mama yake alimpa shauri gani kabla hajakwenda kwa padri?
4. Aliahidi mara ngapi, na kwa muda gani kila mara?
5. Alifanya nini ili asianguke jioni baada ya kazi?
6. Alitenda nini kwa ajili ya yule maskini mwenye zeze? Nasi twapaswa kufanya nini tukiwa tumemwibia jirani?
7. Kila mtu ajiulize moyoni, bila kujibu mbele ya watu: ni kitu gani kinachonishika kama mtumwa, nami naweza kukiacha kwa siku ngapi, kuanzia leo, kwa jina la Mungu?